Haki ya Kusema ya Msikilizaji wa Podikasti

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti ili kila msikilizaji akipakue na kukisikiliza kwa wakati wake. Njia yake ya kiufundi ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Dave Winer wa Marekani alipouwezesha mfumo wa RSS kubeba mafaili ya sauti. Jina lake lilijitokeza Februari 2004 katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza. Kwa sikio, tofauti yake na redio ni ndogo. Kwa upande wa maadili tofauti ni kubwa. Redio ina kituo, mhariri, ratiba na mlinzi getini. Podikasti inaweza kuwa ya mtu mmoja, simu yake na chumba chake cha kulala. Kwa sababu hiyo swali lililowahusu kwa karne nyingi wahubiri, walimu na watawala, yaani nani ana haki ya kusema mbele ya watu asiowajua, leo linamfikia karani wa Dodoma anayependa ndege wa porini na mwalimu wa Kongwa anayekusanya santuri za zamani.

Swali hilo huwa zito zaidi kwenye podikasti za hobi. Mhubiri husema kwa wito wake, mwalimu kwa cheti chake, mwandishi wa habari kwa kazi aliyoajiriwa. Anayependa tu kufuga nyuki, kucheza sataranji, kuendesha baiskeli au kusikiliza zilipendwa hana hata kimoja kati ya hivyo. Alichonacho ni kwamba amelipenda jambo kwa muda mrefu na amewasikiliza wengine wakilizungumza. Je, hiyo inatosha? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba inatosha: kusikiliza kwenyewe ndiko kunakompa mtu haki ya kusema, na haki hiyo hubaki hai maadamu msemaji anaweza kujibiwa.

Usikilizaji wa podikasti huanza kama kampani ya kufanyia kazi nyingine. Dodoma ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Tangu Rais John Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali yote inahamia makao makuu, mji umejaa watu waliokuja kwa kazi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji peke yake. Wapo wafanyakazi wengi ambao familia zao zilibaki Dar es Salaam au Morogoro. Siku za wiki wanaishi kwenye chumba cha kupanga, Ijumaa jioni wanapanda basi au, tangu 2024, treni ya SGR, na Jumapili wanarudi. Muda wa njiani, muda wa kupika peke yako, muda wa kutembea kwa mguu kutoka kazini jua likizama: hapo ndipo sauti ya mtu mwingine inapoingia sikioni na kukaa.

Baada ya miezi kadhaa msikilizaji humjua mtangazaji kama binamu yake. Anajua anavyocheka, neno analolirudia akikosa la kusema, siku aliyorekodi akiwa na mafua. Mtangazaji hamjui kabisa. Ni ujuano wa upande mmoja, na una raha yake, kwa kuwa msikilizaji hadaiwi salamu wala maelezo. Lakini ipo siku anajikuta, mwiko mkononi, akijibu kwa sauti: hapana kaka, hapo umeruka. Jibu hilo lisilosikika na mtu ndilo chanzo cha podikasti nyingi za hobi. Mwanafalsafa wa Urusi Mikhail Bakhtin alifundisha kwamba hakuna kuelewa kusiko na jibu ndani yake. Anayeelewa kweli tayari amekubali, amepinga, ameongezea au ameuliza. Kwa mtazamo huo, hamu ya kuanzisha kipindi haipaswi kuonwa mara moja kuwa ni tamaa ya umaarufu. Mara nyingi ni jibu lililokosa pa kwenda.

Wazee wa falsafa walilifahamu tatizo la sauti isiyo na uso. Inasimuliwa kwamba Pythagoras, aliyefundisha kule Kroton kusini mwa Italia katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliwaweka wanafunzi wapya nje ya pazia. Kwa miaka mitano walimsikia bila kumwona, nao hawakuruhusiwa kusema. Hoja ya nidhamu hiyo ilikuwa kwamba macho huiba umakini wa masikio, na kwamba aliye mwepesi wa kusema hajapata nafasi ya kujua nini kimesemwa. Msikilizaji wa podikasti yumo katika hali inayofanana na hiyo bila kuichagua. Yupo nje ya pazia, kimya, mwaka baada ya mwaka, na elimu anayoipata hapo ni elimu halali.

Plato aliuona upande wa pili. Katika majadiliano yake yaitwayo Phaedrus, Sokrates analaumu maandishi kwa sababu ukiyauliza swali yanarudia yaleyale. Hayajui yanasema na nani, wala hayawezi kujitetea yakieleweka vibaya. Lawama hiyo inaiangukia sauti iliyorekodiwa kwa uzito zaidi, kwa kuwa maandishi angalau hayajifanyi kuwa yupo mtu. Sauti hujifanya. Ina pumzi, ina kusita, inamwita msikilizaji rafiki, na bado haimsikii. Mwenye kuanzisha podikasti anajiweka ndani ya pazia la Pythagoras, na lawama ya Plato inamsubiri humo.

Waswahili na majirani zao wa bara walikuwa na dawa ya tatizo hilo muda mrefu kabla ya intaneti. Msimulizi wa hadithi haanzi kwa kuwa amekaa kwenye kigoda. Hutoa wito, paukwa, na husubiri. Watoto na wakubwa wakiitikia pakawa, amepewa ruhusa. Wakinyamaza, hana hadithi. Mwitikio huo huendelea katikati ya hadithi kwa wimbo unaorudiwa na wote, kiasi kwamba msimulizi akipoteza wasikilizaji wake anajua palepale. Katika nyimbo za Wagogo, wenyeji wa Dodoma, hali inakwenda mbali zaidi. Ugogo unasifika duniani kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana, na katika uimbaji wa namna hiyo hakuna awezaye kushika sauti yake bila kuzisikia za wenzake wakati huohuo. Hukwe Zawose, aliyezaliwa Ugogo na kuzipeleka ala za ilimba na zeze hadi kwenye majukwaa ya Ulaya na Asia kabla ya kufariki mwaka 2003, alitoka katika malezi hayo, ambamo kuimba na kusikiliza ni tendo moja. Podikasti imetenganisha wito na mwitikio. Mwenye kipindi anasema Jumatatu. Msikilizaji anaitikia Alhamisi, peke yake, jikoni.

Historia ya redio nchini inaonyesha kwamba utengano huu uliwahi kuzibwa, tena kwa kiwango kikubwa. Utangazaji wa Tanganyika ulianza 1951 kwa kituo kidogo cha Sauti ya Dar es Salaam, na kufikia 1965 serikali ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya mkono wake. Redio hiyo ilisema, nchi ikasikiliza. Lakini wataalamu wa elimu ya watu wazima waligundua mapema kwamba mtu anayesikia peke yake hupitwa na maneno. Wakabuni vikundi vya usikilizaji na kuvitumia katika kampeni: Wakati wa Furaha mwaka 1971, wakati wa kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, kisha kampeni kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya, mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na takriban watu milioni 2 walishiriki.

Utaratibu wa kikundi ulikuwa rahisi, na unastahili kuangaliwa kwa karibu. Watu walikutana chini ya mti, darasani au barazani kwa mtu, redio ikawekwa katikati. Kipindi kilisikilizwa mpaka mwisho. Redio ikazimwa. Kiongozi akasoma sehemu inayohusika katika kijitabu, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kisha akauliza maswali, na watu wakaongea: je, haya yaliyosemwa juu ya malaria na maji machafu ni kweli hapa kwetu? Tutafanya nini wiki hii? Baadaye wakaenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Katika mlolongo huo tendo muhimu kuliko yote ni lile la kuizima redio. Lilimrudishia msikilizaji ulimi wake. Mwaka 1975 njia hiyohiyo ilitumika katika Chakula ni Uhai, na baada ya hapo ikafifia. Kilichopotea ni kikubwa, na podikasti za leo zina wasikilizaji wengi wasio na kikundi.

Kabla ya kusema jinsi ya kukirudisha, yapo mapingamizi mawili ya kujibiwa. La kwanza ni la dini, nalo si jepesi. Dini zote mbili kubwa za uwanda wa kati wa Tanzania zinauogopa ulimi. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliuandikia ulimi kitabu kizima ndani ya Ihyaa Ulumud-Din na kuhesabu maafa yake 20. La kwanza katika orodha yake, hata kabla ya uongo na kusengenya, ni kuzungumza lisilokuhusu. La pili ni kuzidisha maneno. Kurani inawasifu waumini wanaojiepusha na upuuzi. Kwa Wakristo, waraka wa Yakobo unamtaka mtu awe mwepesi wa kusikia na mzito wa kusema, na Injili ya Mathayo inaonya kwamba hata neno lisilo maana litatolewa hesabu siku ya hukumu. Mtu anayekaa nusu saa akieleza aina za minyororo ya baiskeli atajitetea vipi?

Siasa ya nchi nayo iliwahi kuwa na msimamo wa namna yake. Azimio la Arusha la 1967 liliiweka kazi kuwa msingi wa utu na wa maendeleo, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilimfanya mtu asiye na shughuli inayotambulika kuwa mtu wa kukamatwa. Hobi katika mazingira hayo ilikaribiana na uzururaji. Mpaka leo mzazi wa Mpwapwa au Bahi anayemwona kijana wake akizungumza peke yake na simu huuliza swali lile lile la haki: hiyo inakuletea nini?

Jibu linaweza kuanzia kwa Aristotle, aliyeshikilia kwamba watu hujishughulisha ili wapate wasaa, na kwamba katika wasaa huo ndipo mwanadamu hufanya mambo kwa ajili ya mambo yenyewe. Hata hivyo muumini wa Dodoma hahitaji kwenda Ugiriki kulipata jibu. Ghazali hakusema kila lisilo la ibada wala la riziki ni upuuzi. Alilaumu neno ambalo kulinyamazia hakungempunguzia mtu chochote. Kipimo hicho ni kikali lakini kinapimika. Anayeeleza namna ya kuitambua sauti ya ndege kwenye miiba ya Chemba anamwonyesha msikilizaji kiumbe aliyekuwa akimpita kila siku. Akinyamaza, kitu kinapungua. Anayejaza nusu saa kwa kusimulia alivyoamka, alivyokula na jinsi mitandao ilivyomchukia wiki hii, akinyamaza hakuna aliyepungukiwa. Wote wawili wana podikasti ya hobi. Hatia haiko katika hobi; iko katika maneno yasiyobeba kitu, na mhubiri mwenye wito anaweza kuwa nayo vilevile.

Pingamizi la pili ni la elimu: asiye mtaalamu atapotosha watu. Mfano mzuri uko karibu. Zabibu ndiyo sifa ya Dodoma. Wamisionari waliipanda Bihawana, kituo cha utafiti kiko Makutupora, na mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Tuseme mfanyakazi wa ofisi mwenye mizabibu michache uani kwake Iyumbu, aliyesikiliza kwa miaka podikasti za wapenda bustani wa nchi za mbali, anataka kuanzisha yake. Mashauri aliyoyasikia ni ya nchi ambako mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja. Akiyahamisha mashauri hayo yalivyo, mkulima wa Hombolo atakayemwamini ataipogoa mizabibu wakati usiofaa, au atanyunyiza salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga baada ya majani kuharibika. Hapa kosa la hobi linakula riziki ya mtu.

Kunyamaza si suluhisho la lazima. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikutana na tatizo hili karne nyingi zilizopita, walipokuwa na maneno mengi yanayosambaa kwa midomo ya watu wa kila aina. Hawakuwazuia watu wa kawaida wasisimulie. Waliwadai isnadi: nani amekwambia, naye alisikia kwa nani, na huyo kwa nani. Muuza nguo au mfinyanzi aliweza kuwa mpokezi wa kuaminiwa endapo alisikia kweli, alikuwa mkweli na alihifadhi vizuri. Zaidi ya hapo, kitabu kilipokuwa kikisomwa mbele ya mwalimu, majina ya waliohudhuria yaliandikwa kwenye nakala pamoja na tarehe na mahali. Miswada ya Damascus ya zama za kati imejaa kumbukumbu hizo za usikilizaji, na humo mna watoto, wanawake na mafundi wa kawaida. Mtu alipata idhini ya kupokeza kwa sababu alikuwepo akasikia. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo uhusiano wa kusikiliza na haki ya kusema uliwekwa wazi kiasi hicho.

Kanuni hiyo inamfaa mwenye podikasti wa leo bila kupunguzwa. Mpenda zabibu wa Iyumbu anaweza kusema kwa uhalali kamili: hili nimelifanya kwenye miti yangu misimu miwili, hili nimelisikia kwa bibi shamba wa kata yetu, hili ni la podikasti ya California na hapa sijaliona likifanya kazi. Msikilizaji anajua apime wapi. Mtaalamu wa Makutupora, kwa upande wake, hapokonywi kitu, na huenda akapata msikilizaji mpya wa kumpigia simu. Mwenye mapenzi ana faida moja ambayo mtaalamu huipoteza mapema: bado anakumbuka alivyokuwa hajui, na anaweza kumshika mkono mwanafunzi pale hasa alipokwama yeye.

Kurekodi kwenyewe kuna maadili yake, na hayaonekani mpaka mtu akae chini na kuwasha kinasa sauti. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mahali pakavu, na kati ya Juni na Oktoba upepo huvuma kutwa. Unapita chini ya bati, misumari iliyolegea inagonga, mlango unalia. Masika ni kinyume: mvua ikipiga bati, mtu haisikii hata sauti yake. Katikati kuna bodaboda, jenereta la jirani, muuza mboga anayenadi, jogoo asiyejua saa. Wanaorekodi bila studio hujifunza haraka kufunga dirisha, kuning'iniza mablanketi ukutani, kuegemeza godoro mlangoni na kuongea mbele ya kabati la nguo lililofunguliwa, kwa kuwa nguo hunywa mwangwi. Wengine hujifunika shuka gubigubi na simu yao, jasho likiwatoka, wakaongea humo dakika 20. Saa nzuri ni baada ya usiku wa manane au kabla ya adhana ya alfajiri. Taabu hii yote ni heshima kwa sikio la mtu mwingine. Kelele ambayo msemaji ameshindwa kuiondoa huhamia kwa msikilizaji, ambaye italazimu aongeze sauti, akaze akili, na mwishowe achoke.

Heshima hiyo ina hesabu pia. Kipindi cha sauti moja kilichobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 14 kwa nusu saa. Kikibanwa kwa 192, kama wafanyavyo wanaojivunia vifaa vyao, kinafika 43, na sikio la kawaida halitambui tofauti katika mazungumzo. Kwa mwenye Wi-Fi ya ofisini hilo si neno. Kwa mwanafunzi wa chuo anayenunua bando la siku, ni chakula. Mwenye podikasti anayesema dakika 70 pale ambapo 25 zingetosha anatumia fedha na uhai wa watu ambao hawezi kuwaomba radhi, maana hawajui. Dhambi ya kuzidisha maneno, aliyoiweka Ghazali ya pili, imepata leo bei inayoweza kuandikwa.

Lipo pia suala la uhariri. Kukata kikohozi na kurudia sentensi iliyovurugika ni kazi ya kawaida na haimdhulumu mtu. Kukata kusita kwa mgeni ili aonekane ana uhakika aliokuwa hana, au kuliondoa swali ili jibu lionekane alilitoa mwenyewe, ni uongo uliofanywa kwa mkasi. Maneno yote ni yake kweli na maana imegeuzwa. Mwenye kipindi anayeheshimu isnadi hawezi kuikata katikati.

Sheria nayo ina neno lake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ziliwataka wenye blogu na redio za mtandaoni wapate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ada ya shilingi milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Kanuni mpya zilitoka 2020, na marekebisho ya 2022 yakapunguza mzigo huo. Anayetaka kuanza anapaswa kuuliza kwanza kanuni za sasa zinamhesabu vipi. Kwa upande wa falsafa, hata hivyo, ada haikuwahi kuwa kipimo kizuri cha haki ya kusema. Serikali ina sababu ya kuuliza nani anawajibika neno likimdhuru mtu, na jina na anwani vingetosha kulijibu swali hilo. Milioni moja ilipima mfuko, na mfuko haujasikiliza kitu.

Baada ya mapingamizi hayo unabaki mtihani wa ndani, ambao hakuna kanuni inayoweza kuukagua. Waislamu wanauita riya, kufanya jema ili uonekane. Injili nayo inawaonya wanaosali kwenye pembe za njia ili watu wawaone. Programu za podikasti humpa mwenye kipindi idadi ya waliopakua, kila saa, kwa chati. Namba hizo zina nguvu ya kumgeuza aliyeanza kwa mapenzi ya ndege awe mtu anayetafuta ugomvi, maana ugomvi hupakuliwa zaidi. Dawa inayoaminika ni kumrudisha msikilizaji awe mtu badala ya namba: namba ya simu inayotajwa kwenye kipindi, ujumbe wa sauti wa msikilizaji unaochezwa mwanzoni, kosa linalosahihishwa kwa jina la aliyelisahihisha kama ameridhia, na, pale inapowezekana, watu wanne au watano wanaokaa pamoja Jumamosi, wanakisikiliza kipindi hadi mwisho, kisha wanaizima simu na kuzungumza. Hiki ni kikundi cha 1973 kilichorudi bila serikali. Mwenye podikasti aliyeketi kwenye kikundi kama hicho hata mara moja, akaona ni wapi watu walipoanza kuangalia nje, amepata pakawa yake, au amenyimwa.

Uwanda wa kati una mambo mengi yanayongoja kusemwa na wapendao. Michoro ya miambani ya Kondoa, kule Kolo na kwingineko, imo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, na baadhi ya miamba hiyo wenyeji bado wanaitumia kwa matambiko. Wanaoieleza kwa sauti, kwa Kiswahili, ni wachache mno. Wapo mafundi wa ilimba wanaojua mti upi unafaa na chuma kipi hutoa sauti ipi. Kirangi, Kiburunge na Kisandawe chenye sauti za vidoko vya ulimi vinazungumzwa ndani ya mkoa mmoja pamoja na Kigogo, na redio karibu hazivipi nafasi kabisa. Hakuna cheti kinachotolewa kwa kuyapenda mambo haya. Anayeyapenda na kusita aende kwanza kwa mzee mmoja anayeyajua, amsalimie inavyostahili, amwombe ruhusa ya kurekodi, amsikilize mpaka mzee mwenyewe aseme yametosha. Na kipindi chake cha kwanza akijaze sauti ya mzee huyo kuliko yake.